Kijana wa Miaka Sitini na Moja

Muuguzi alimwambia Ba Nyeleti kwamba yeye bado ni kijana, arudi baada ya miaka sita. Alimwambia kwa adabu, akimrudishia kitambulisho chake kwa mikono miwili, kama mtu anayemrudishia jirani sahani aliyoiazima.

"Madaktari wanapokea waliotimiza sitini tu, baba. Nyonga ya chuma haiwekwi kwa mtu mdogo. Ataichakaza kabla hajafa, halafu nani atamfungua tena?"

"Mdogo?" akasema mkewe, Bana Mutale, yaani mama Mutale. "Mtazame vizuri, mwanangu. Huyu ni mdogo?"

Muuguzi akamtazama. Nywele zilikuwa nyeupe kama unga uliochekechwa. Mguu wa kulia ulikuwa umenyooshwa mbele peke yake, kana kwamba haukuja na mwenzake.

"Kitambulisho kinasema hamsini na nne, mama. Mimi nafuata kitambulisho."

Mzee mmoja wa mgodini aliyekuwa nyuma yao kwenye foleni akacheka mpaka akashika ukuta. "Kama huyo ana hamsini na nne," akasema, "basi mimi bado nanyonya!"

Foleni nzima ikacheka. Hata Ba Nyeleti alicheka kidogo, maana angefanyaje? Mtu akikucheka wewe peke yako bila wewe kucheka, ndiyo aibu kamili. Ukicheka naye, mmegawana. Wakatoka. Bana Mutale alitangulia ili asionekane anamsubiri.

*

Pale Mpatamatu, Luanshya, hakuna asiyemjua Leonard Chishala, ingawa wengi hawajui kama anaitwa Leonard. Wanamwita Ba Nyeleti: Ba ni neno la heshima, kwa mume na kwa mke, na nyeleti ni sindano, kwa sababu enzi zake akiwa kiungo wa timu ya taifa alipitisha mpira mahali ambapo hata uzi ungekwama. Mabao hakufunga. Mabao walifunga wengine, yeye aliwapelekea tu, kama mama anayewapakulia wageni kisha anabaki jikoni anakwangua sufuria. Ndiyo maana picha zake ni chache. Picha nyingi zinaonyesha mfungaji amenyanyuliwa juu, na chini yake kuna bega la mtu. Hilo bega ndilo yeye.

Miaka yake ilipunguzwa mwaka themanini na nane. Kocha wa timu ya vijana alikuja huku Copperbelt, ukanda wa migodi ya shaba, kutafuta wachezaji, akawapanga mstari uwanjani, akauliza, "Nani hapa hajafika ishirini?" Wote wakanyoosha mkono. Alinyoosha mpaka yule beki ambaye mkewe alikuwa wodini wiki hiyo kwa uzazi wa tatu. Kocha hakuwa mjinga. Aliwatazama ndevu zao, akasema, "Vizuri. Kesho mje mmenyoa."

Baada ya siku chache kiongozi mmoja wa chama cha mpira, siku hizi marehemu, akaleta vitambulisho vipya kwenye mfuko wa sukari. Nyeleti alikuwa amezaliwa mwaka sitini na mbili. Cha kwake kilisema sitini na tisa. Hakuna aliyeona ajabu. Mchezaji alikuwa na viatu vya nyumbani na viatu vya uwanjani, akawa na umri wa nyumbani na umri wa uwanjani. Na tuseme kweli, bila umri ule wa uwanjani hakuna ambaye angemtazama, mwanamume wa miaka ishirini na sita mwenye watoto wawili. Walikwenda, wakachukua kombe la vijana la kanda, wakapokewa kwa lori lililopambwa maua. Kutoka hapo akapanda timu kubwa, akaitumikia nchi mpaka magazeti yalipoandika kwamba anastaafu akiwa na thelathini na tatu. Alikuwa na arobaini. Wakamsifu kwa kujitunza.

Sasa madaktari wa nyonga walikuwa wamekuja kutoka ng'ambo kwa wiki mbili tu. Chama cha wachezaji wa zamani ndicho kilichowaalika, na majina yalikuwa yanafungwa Ijumaa.

"Kwenye boma, pale wilayani, wanabadilisha umri," alisema Bana Mutale jioni ile, akisonga ugali. "Nimeuliza. Unakwenda na ndugu anayejua ulivyozaliwa, unaapa, basi."

"Kuapa si neno. Watauliza kwa nini kitambulisho kilisema vingine."

"Utawaambia."

"Kirahisi hivyo?"

Bana Mutale aliacha mwiko. "Baba Mutale, mimi serikalini ni mkubwa kwako kwa miaka mitano. Kwa vitabu vyao mimi ndiye niliyekwenda kutongoza mtoto wa watu. Nimenyamaza, kwa sababu kombe lile ndilo lililotujengea nyumba. Lakini huwezi kuchuchumaa. Huwezi kuvaa soksi. Kila asubuhi nasimama mlango wa choo nimekushika mkono, natazama pembeni, na watoto wa jirani wanatutazama sisi. Usiniambie kuhusu urahisi."

Ba Nyeleti akasema atampigia simu nahodha wake wa zamani kwanza.

*

Nahodha, Ba Goodson Mwelwa, hakujibu kwa simu. Kesho yake alikuja mwenyewe, kwa gari la chama cha mpira alikoajiriwa, akiwa na suti na mfuko wa kilo ishirini na tano wa unga mweupe, ule wa bei kubwa. Dereva akaubeba mpaka barazani. Nahodha alipanda ngazi mbili za baraza kwa kushika nguzo, akakaa. Nyeleti akakaa. Viti viwili, makalio mawili, na milio ya mifupa kama mtu anavunja kuni.

"Na wewe?" akauliza Nyeleti.

"Goti na nyonga. Usiku halali mtu. Lakini tuyaache hayo." Nahodha alipokea kikombe cha munkoyo, kinywaji cha mahindi, kutoka kwa Bana Mutale, akakishika bila kunywa. "Nasikia unataka kwenda boma."

"Nataka kutembea, kaka."

"Sikiliza. Kombe lile liko kwenye kabati la kioo pale makao makuu. Watoto wa shule wanapelekwa kupigwa picha nalo. Ukiapa wewe, mwandishi mmoja tu akasikia, ataanza kuhesabu. Atatoka kwako atakuja kwa golikipa. Atatoka kwa golikipa, atakuja kwa nani?"

"Kwa nahodha."

"Kwa nahodha. Na mimi kazini nimebakiza miaka sita."

Bana Mutale, aliyekuwa ameinama kuchambua mboga za majani, akasema bila kuinua kichwa, "Shemeji, si ulimtangulia madarasa mawili pale misheni?"

"Shemeji, hayo ni mambo ya misheni."

"Nauliza tu. Maana kama yeye ana sitini na moja, na wewe umebakiza sita ufike sitini, basi darasani ulikuwa unabebwa mgongoni."

Nahodha alicheka cheko la ofisini. Kisha akamgeukia mwenzake, na sauti ikawa ile ya chumba cha kubadilishia nguo. "Nyeleti. Siku ile ya fainali nilikuomba nini? Nilikuomba ubaki nyuma yangu, nikipotea uzibe. Hukuzembea hata mara moja. Nakuomba tena hicho hicho. Nitakutafutia fimbo nzuri, ya alumini, inayorefushwa na kufupishwa."

Maisha yake yote Nyeleti alikuwa mtu wa kuziba pengo la mwenzake, na mazoea hayastaafu. Akasema, "Sawa, kaka."

Gari lilipoondoka, Bana Mutale aliuburuta ule mfuko mpaka jikoni peke yake, akaupiga teke. "Wenzetu wanapewa nyonga," akasema. "Sisi tumepewa unga."

*

Jumanne ukawa msiba wa Ba Kabwita, jirani aliyestaafu mgodini, nyumba tatu kutoka hapo. Wanaume walikaa nje kwenye viti na magogo, wanawake ndani chini. Watani nao walifika, Wangoni wa mashariki, na kwenye msiba wa Mbemba Mngoni ndiye mwenye nyumba. Wakaficha sepetu la kuchimbia kaburi, wakasema marehemu hazikwi mpaka awalipe deni la panya aliowala kwao bila kushukuru.

Kiongozi wao alikuwa NaTembo, mwanamke mfupi mwenye mdomo mrefu. Alikuwa amejipaka majivu usoni, amevaa kofia ya mgodini ya marehemu, na buti zake miguuni, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Alilia kilio cha uongo kilichowafanya wafiwa wenyewe wacheke.

"Uwii, Kabwita! Umekufa kabla hujanirudishia sufuria! Ninyi walanyani, nani kati yenu atanirudishia?"

Akawapitia wanaume mmoja mmoja, huyu kamvua kofia, yule kamnyang'anya sigara. Akafika kwa Nyeleti, akasimama, akaweka mikono kiunoni.

"Na huyu mtoto ni wa nani, amekaa kwenye kiti, wazee wamekaa kwenye magogo?"

Watu walijua kinachokuja. Habari ya hospitali ilikuwa imeshazunguka mtaa mzima, ikapumzika, ikazunguka tena.

"Simama, mwanangu. Hamsini na nne ni umri wa kutumwa dukani."

Utani haukataliwi. Nyeleti alijiinua kwa kushika bega la aliye karibu, akasimama kwa mguu mmoja na nusu. NaTembo akakaa kwenye kiti chake, akakunja nne.

"Sasa niambie, kijana mzuri. Mama yako Ba Mwila nilimjua. Alinisuka nywele nikiwa mwali. Alizikwa mwaka gani?"

"NaTembo, mwache," sauti moja ikasema.

"Sijakuuliza wewe, mlanyani. Mwaka gani, mwanangu?"

"Sitini na nane," Nyeleti akasema. "Mvua zilipoanza."

"Na kitambulisho chako kinasema umezaliwa?"

Alifungua mdomo ajibu, NaTembo akamtangulia.

"Kinasema sitini na tisa! Hospitali nzima imesikia!" NaTembo alisimama, akavua kofia, akaishika kifuani kama polisi kwenye mazishi. "Jamani, Wabemba! Nilijua mnakula nyani. Sikujua mnazalia kaburini!"

Vicheko vililipuka, mpaka ndani kwa wanawake. Bana Mutale peke yake hakucheka. Alikuwa anamwona mumewe kupitia dirishani.

Nyeleti alitia mkono mfukoni, akamlipa mtani noti yake kama desturi inavyotaka, akasema, "Umenipata, mtani." Watu wakapiga makofi. NaTembo, aliyekuwa na macho makali kuliko ulimi, akaacha mzaha ghafla, akamwachia kiti.

Nyeleti hakukaa. Miaka thelathini na mitano alikuwa na tarehe mbili kichwani, moja ya kaburi la mama na moja ya kitambulisho, na hakuwahi kuziweka sahani moja. Alikuwa na miaka sita mama alipofariki. Anamkumbuka kidogo tu: alikuwa akimfuta kamasi kwa kidole gumba, kwa nguvu, kisha anajifuta kwenye kanga bila kuacha kuzungumza na watu. Kwa kitambulisho, hilo halikutokea. Kwa kitambulisho, mwanamke yule alikufa akamwacha binti mmoja, Kasuba, basi.

Wakati wa kurudi nyumbani alitembea polepole kuliko kawaida.

"Kumbe nimekuwa mtoto wa nani muda wote huu?" akauliza.

"Wa chama cha mpira," akajibu Bana Mutale.

Kwenye kona Nyeleti akatoa simu, akampa mkewe.

"Mpigie Kasuba," akasema. "Mwambie aje kesho."

*

Kasuba alitoka Kitwe na basi la asubuhi, mama mnene mwenye kilemba na kicheko. Alipofika tu alijinyoosha mbele ya kaka yake. "Nisalimie kwa heshima. Serikalini mimi ni dada yako mkubwa kwa miaka minne."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Na ulinibeba mgongoni namna gani, na ulikuwa hujazaliwa? Ukaniangusha na kovu ninalo!"

Ofisi ya boma ilikuwa na benchi refu na karani kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Alisikiliza habari yote. Alipofika kwenye jina akaweka kalamu chini.

"Nyeleti? Nyeleti mwenyewe?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Mimi naitwa Leonard. Nilizaliwa wiki ile ya kombe. Baba aliacha kusikiliza redio akaja wodini, akasema huyu ni Leonard, hakumuuliza mama."

Kasuba akatabasamu. Karani hakutabasamu.

"Naomba kuelewa, mzee, maana lazima niandike sababu. Wale vijana mliowafunga fainali. Walikuwa vijana kweli?"

"Walikuwa vijana kweli. Winga wao alilia uwanjani. Nilimfuta machozi, nikamwambia, usijali, utakuwa mkubwa."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa na mtoto wa pili."

Mwanamke mmoja kwenye benchi akasema, "Eeh," ile eeh ndefu. Nyeleti alikaa wima. Uso ulikuwa umemwiva lakini hakuinamisha kichwa.

"Kila mtu hunisimulia kombe lile," karani akasema. "Nikiwa mdogo nilipigana shuleni kwa ajili ya kombe lile. Sasa na jina langu nilibadilishe?"

"Jina liache. Lile ni langu kweli. Miaka ndiyo ilikuwa ya kuazima."

Karani akamgeukia Kasuba, akamuuliza kama anamfahamu mtu huyu na mama aliyemzaa. Kasuba akaapa. Karani akaandika muda mrefu. Mwishoni akauliza, "Mama mzazi?" na Nyeleti akalitaja jina kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Mwila Chanda," mpaka mlinzi wa mlangoni akageuka.

Muhuri ukagongwa. Karani alimpa mkono lakini hakumtazama.

Ijumaa asubuhi jina likaingizwa hospitalini. Ijumaa mchana redio ya wilaya ikalitangaza jambo lenyewe, pamoja na muziki. Watoto waliimba barabarani, "Babu kijana! Babu kijana!" Mwenye baa aliyekuwa na picha ya kombe ukutani akaigeuza ikatazama ukuta. Golikipa wa zamani alipiga simu akatukana, kisha akauliza foleni ya boma ni ndefu kiasi gani. Nahodha alipiga mara moja.

"Nilikuomba uzibe," akasema.

"Uliniomba, kaka."

Simu ikakatwa.

*

Siku ya kuanza upasuaji palikuwa na sherehe ndogo uani mwa hospitali, viti vya plastiki na turubai. Wagonjwa walikaa mbele, wamevaa mavazi ya kijani yanayofungwa kwa nyuma, kila mmoja ameshika nyuma yake kwa mkono mmoja. Chama cha mpira kilimtuma mtu wa kutoa shukrani, na aliyetumwa alikuwa Ba Goodson Mwelwa, kwa sababu wakubwa wake walitaka waonekane hawana tatizo na hospitali, na wala hawakumuuliza anajisikiaje.

Alisoma vizuri. Sauti alikuwa nayo tangu zamani. Akafika kwenye wachezaji wa zamani, akatakiwa kutaja majina na umri.

"Bwana Leonard Chishala," akasema. Akaitazama tena karatasi. "Sitini na moja."

Watu wakaguna, wengine wakapiga makofi, mmoja nyuma akaita, "Na nahodha je?" Kicheko kikapita kama upepo kwenye mahindi. Nahodha akakunja karatasi, akaanza kushuka jukwaani. Ngazi zilikuwa tatu. Ya kwanza aliishuka. Ya pili mguu ulikataa, akabaki ameshika nguzo ya turubai, na turubai zima likayumba.

Daktari mkuu, mama wa kizungu mwenye miwani, alikuwa karibu. Aliutazama ule mguu kama fundi anavyotazama gari la mtu mwingine. Akamwambia muuguzi kitu.

"Daktari anauliza," muuguzi akasema, "hiyo ni nyonga? Anasema kuna nafasi moja, mgonjwa mmoja ana homa. Anaweza kukutazama sasa hivi. Una umri gani, baba?"

Wagonjwa wa kijani waligeuza shingo. Mwandishi wa redio alisogeza kinasa sauti chake. Kule nje ya uzio gari la chama lilikuwa linasubiri, injini inaunguruma.

Nyeleti alikuwa kiti cha kwanza, karibu kabisa. "Sema tu, kaka," akamnong'oneza. "Inauma mara moja."

Nahodha alimtazama. Kwa muda kidogo midomo yake ilisogea, na Bana Mutale anaapa mpaka leo kwamba aliiona sitini ikifika kwenye meno. Halafu akatazama kile kinasa sauti.

"Hamsini na nne," akasema.

Muuguzi akatafsiri. Daktari akatikisa kichwa kwa masikitiko, akamgusa bega, akasema neno.

"Anasema pole, urudi baada ya miaka sita."

Wakaja vijana wawili na kitanda cha magurudumu, wakamlaza Nyeleti, wakamsukuma ndani, Bana Mutale akikimbia pembeni na viatu vyake mkononi. Nahodha alivuka ua peke yake. Alitembea amenyooka kabisa, kwa sababu watu walikuwa wanatazama, na kila hatua ilimkata. Alipofika kwenye gari dereva akaruka kumfungulia mlango.

"Pole sana, mzee," dereva akasema.

"Mzee nani?" akafoka nahodha, akashika mlango kwa mikono miwili, akaanza kuingia.